Nitie alama gani kwenye picha za wateja bila kuziharibu?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mpiga picha, naishi Kisauni, Mombasa. Kazi zangu nyingi ni za harusi, hasa usiku wa kupamba kwa sababu pale hutakiwa mpiga picha mwanamke, na mara mojamoja napata kazi za hoteli za Shanzu na Bamburi. Sampuli huwatumia wateja kwa WhatsApp wachague. Mwanzo nembo yangu ilikuwa kubwa, katikati ya picha, wakalalamika nawaharibia. Nikaipunguza nikaisogeza pembeni. Shangazi wa bi harusi mmoja akaikata, akairusha picha kwenye stetasi yake, tena picha ya kupamba! Na sasa hoteli moja imeweka sampuli zangu kwenye ukurasa wake ilhali salio haijanilipa. Nataka alama isiyopiga kelele lakini isiyotoka. Ipo? Na hawa wa hoteli niwafanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu.

Alama isiyotoka haipo, na afadhali hilo tulimalize mapema. Simu ya kawaida siku hizi ina kifutio kinachomwondoa mtu mzima aliyepita nyuma ya familia pale Mama Ngina, na bahari ikabaki kana kwamba hakupita mtu. Nembo yako itakishinda vipi? Programu ya kuhariri picha ya Photoshop nayo tangu 2023 inajaza pengo lolote kwa akili unde. Kwa hivyo usiitwike alama kazi ya ulinzi. Ipe kazi mbili inazoziweza: kumwambia kila anayeitazama kwamba hii ni nakala ya kuchagulia tu, na kukwambia wewe kwamba nakala hiyo ilitoka mkononi mwa nani. Ulinzi wenyewe utaupata kwenye vipimo vya faili na kwenye maneno mliyokubaliana kabla hujatoa kamera mfukoni.

Tuanze na vipimo, maana ndipo wengi wanapopoteza. Picha ya kuchapishwa vizuri huhitaji kama pikseli 300, yaani nukta ndogo zinazoiunda picha, kwa kila inchi. Sampuli ambayo upande wake mrefu una pikseli 1200 inatoa chapa safi ya inchi 4, yaani sentimita 10 hivi. Ukurasa wa A4 unataka pikseli kama 3500 kwa upande mrefu. Kwenye simu sampuli hiyo ya 1200 inapendeza kabisa. Bi harusi ataziona kope zake na mng'aro wa dhahabu yake. Lakini mtu akiipeleka dukani ichapwe ya kutundika ukutani, itatoka na ukungu. Najua kuna programu za kukuza picha, na kila mwaka zinazidi uhodari. Ila zinachofanya ni kubuni. Zipe mkono wenye hina iliyochorwa kwa ncha nyembamba, zikuze mara tatu, kisha utazame vijani vya pale kwenye vifundo vya vidole: vimekuwa kitu kingine, vistari ambavyo havikuungana vimeungana, nukta zimeyeyuka. Bi harusi aliyekaa muda mrefu mikono imenyooshwa akichorwa atajua huo si mkono wake.

Anayetuma faili kamili ya megabaiti 10 yenye nembo kubwa katikati amejisumbua bure. Siku nembo itakapofutwa, aliyeifuta amebaki na faili kamili. Na usiitegemee WhatsApp ikubanie picha, kwa sababu sasa mtu anaweza kuchagua kutuma kwa ubora wa juu, au kutuma picha kama hati ikafika kama ilivyo. Punguza mwenyewe, kabla ya kutuma, kila mara.

Sasa mahali pa kuiweka. Kona ulikoipeleka ndiko kubaya kuliko kote. Kona hukatwa kwa kidole, bila programu yoyote ya ziada, na picha haipungui kitu. Watu wengine huiweka penye utupu kwa sababu maandishi yanasomeka vizuri: juu ya mbingu, juu ya ukuta uliopakwa chokaa, juu ya pazia la jukwaa. Hapo kifutio kinapewa kazi nyepesi kabisa, kunakili buluu juu ya buluu. Wewe tafuta penye fujo. Bi harusi amekaa jukwaani? Itie pale pindo la gauni linapokutana na maua, au kwenye tarizi za mkono chini ya kiwiko. Mtu amesimama mbele ya mlango wa kuchonga Mji wa Kale? Itie juu ya nakshi za mlango, karibu na bega lake, nusu ya herufi ya mwisho iguse nguo. Anayetaka kuikata lazima akate nguo pamoja nayo, na anayetaka kuifuta lazima aziunde upya tarizi uzi kwa uzi. Programu italijaribu hilo, na mara nyingi itatoa kiraka kinachoonekana. Uso, macho, mikono yenye hina na chochote ambacho mteja alilipia kipambwe, usikiguse. Hilo halina mjadala. Mtu anayeona maandishi shavuni mwake hatachagua picha hiyo hata ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote, na wewe ndiye utakayekosa mauzo.

Kimo cha herufi kiwe asilimia 2 au 3 ya kimo cha picha. Kwenye picha ya wima yenye pikseli 1200 hiyo ni pikseli 24 hadi 36, kama maandishi ya kawaida ya simu. Opasiti, yaani kiasi ambacho alama inaziba kilicho chini yake, anzia asilimia 25, kisha panda au shuka kulingana na kilicho chini yake. Fonti isiwe ile nyembamba ya kimaridadi inayopendwa kwenye kadi za mwaliko. JPEG, aina ya faili inayobana picha ili iwe nyepesi, huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na inapobana, vitu vya kwanza kutupwa ni vistari vyembamba vyenye tofauti ndogo ya mwanga, yaani hasa ile alama yako ya kiungwana. Unene wa kistari cha herufi usipungue pikseli 3. Na alama itiwe baada ya picha kupunguzwa. Ukiitia kwenye picha kubwa halafu ukaipunguza, kistari cha pikseli 6 kinabaki cha 2, kisha WhatsApp inakitafuna kilichobaki.

Kuhusu rangi, usitofautishe kwa rangi, tofautisha kwa mwanga. JPEG inahifadhi tofauti za mwanga kwa uangalifu kuliko tofauti za rangi, kwa hivyo alama ya manjano juu ya krimu itapotea hata kama kwenye kompyuta yako ilionekana vizuri. Nyeupe au nyeusi inatosha. Utasikia wengi wakisifu ile hali ya kuchanganya tabaka inayoitwa Soft Light, kwamba alama inazama ndani ya kitambaa kama imefumwa humo. Ni kweli, inapendeza sana kwenye rangi za kati: maroni, kijani, dhahabu, ngozi. Lakini ina kasoro yake. Juu ya nyeupe kabisa haionyeshi kitu, wala juu ya nyeusi kabisa. Gauni jeupe lililopigwa na taa kali za ukumbini lina sehemu ambazo ni nyeupe tupu, na buibui lina sehemu ambazo ni nyeusi tupu; alama yako itakuwepo kwenye faili la kazi na haitakuwepo kwenye picha. Kwa picha hizo tumia hali ya kawaida, herufi nyeupe zenye ukingo mweusi mwembamba uliofifishwa. Juu ya nyeupe unaonekana ule ukingo, juu ya nyeusi zinaonekana herufi.

Kisha ijaribu. Jitumie picha kwenye simu nyingine, ikiwezekana ya bei nafuu yenye kioo hafifu, ambayo ndiyo aliyonayo mama wa mteja. Itazame kwanza kwa umbali wa mkono: jicho lifike usoni kabla ya kufika kwenye alama. Halafu ikuze kwa vidole viwili: jina lisomeke lote. Lisiposomeka, umezidisha haya. Toka nayo nje juani pia, maana mchana wa Mombasa huificha alama iliyofifia mno.

Kuna jambo ambalo wapiga picha wachache hapa kwetu wanalifahamu. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba alama ikiwa ileile, kwa umbo lilelile, kwenye picha mamia, kompyuta inaweza kuzilinganisha picha hizo, ikaichambua alama peke yake, kisha ikaibandua kwenye zote na kurudisha kilichokuwa chini. Kuisogeza huku na huku hakukusaidia sana, wala kubadilisha ukolezi wake. Kilichosaidia ni kuipinda kidogo umbo lake, tofauti kwa kila picha, kiasi ambacho jicho halikitambui. Hapo ikibanduliwa inaacha makovu. Hili halikuhusu kwa harusi ya picha 60 zilizoko kwenye simu za watu wanne. Linakuhusu ukiwa na ukurasa wa picha 800 zenye nembo moja. Tengeneza nembo yako katika maumbo sita au saba yaliyopindwapindwa kidogo kwa zana ya kukunja ya GIMP au Photoshop, uwe unayazungusha. Ukishayatengeneza mara moja, umemaliza.

Nimekuja sasa kwenye lile ninaloliona la maana kuliko opasiti na fonti, nalo ni alama iandikwe nini. Wewe unaandika jina la studio yako. Mteja halina faida kwake, kwa hivyo analichukia. Andika nambari ya picha. "Sampuli 0214." Akitaka kuchagua, hana haja ya kukuzungushia kidole kwenye picha na kukurudishia picha 20 zilizobanwa upya, anakuandikia "0214, 0231, 0240 na ile ya bibi 0255." Alama inayomrahisishia kazi haioni kuwa uchafu, na hakuna anayerusha kwenye stetasi picha iliyoandikwa "Sampuli" kama anaweza kungoja ile safi. Watu wa hapa wanajali sana kuonekana na kitu kilichokamilika, na hiyo ni faida yako.

Baada ya nambari, andika nakala ni ya nani. Tuseme unawatumia watu watatu: bi harusi, mama yake na somo wake, yule mwanamke anayemfunda. Tayarisha mafungu matatu, kila fungu na maandishi yake: "Sampuli 0214, nakala ya mama." "Sampuli 0214, nakala ya somo." Mtu huirusha picha yenye jina la mpiga picha bila wasiwasi, hata hujiona anamtangazia biashara. Yenye cheo chake mwenyewe husita, kwa sababu ikirudi nyumbani itarudi na jibu la swali la nani aliitoa. Yule shangazi aliipata kwa mtu. Leo hujui kwa nani, na nina hakika kila mmoja pale anasema si yeye.

Hapa kuna hadhari. Usiandike jina kamili la mteja, wala nambari ya simu. Picha ikivuja utakuwa umeutangaza uso wake pamoja na jina lake, na hapo wewe ndiwe uliyemdhuru. Cheo cha ukoo kinatosha, au herufi mbili ambazo maana yake imo kwenye daftari lako. Na daftari liwepo kweli: nakala gani, kwa nani, tarehe gani. Bila hilo, alama ni mapambo.

Picha za kupamba zenyewe, dada yangu, mimi nisingezituma kwa simu hata kidogo. Pale wanawake wamevua mabuibui, wamejiremba, na wameingia ukumbini kwa sharti kwamba hakuna mwanamume atakayewaona. Familia nyingi hukataza simu mlangoni, na kamera inayoruhusiwa ni yako peke yako. Maana yake ni kwamba picha moja ikitoka, wa kwanza kutajwa ni wewe, hata kama ilitoka kwa shangazi. Alama yoyote, iwe ya hekima namna gani, inakuja kufanya kazi baada ya picha kuonekana, na kwenye kupamba kuonekana ndiko hasara yenyewe. Nenda na kompyuta yako nyumbani kwa bi harusi, wakae wachague mbele yako. Au chapa kurasa za picha ndogondogo, tisa kwa ukurasa, kila moja na nambari yake, uwaachie siku mbili kisha uzichukue. Zikichaguliwa, wakabidhi albamu na kifaa kimoja cha kuhifadhia, mkononi mwa bi harusi mwenyewe. Ni taabu zaidi, ndiyo. Ongeza bei ya kupamba, na useme wazi kwamba wanalipia siri. Wanaojua thamani yake hawatabisha.

Na wewe mwenyewe usiziweke kwenye ukurasa wako kujitangaza bila idhini ya kila anayeonekana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa taarifa yake binafsi, na 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini biashara zilizoweka mtandaoni picha za watu bila ridhaa yao. Picha ya mkono wenye hina peke yake, au ya mkufu wa asumini juu ya takia, inaonyesha ustadi wako bila kumfichua mtu.

Vifaa sitakaa navyo sana. Snapseed kwenye simu inatosha kwa picha chache: ina maandishi na ina opasiti. Lightroom Classic inatia alama moja kwenye picha zote unapozitoa, na kwenye sehemu yake ya kuchapisha inaweza kupanga kurasa za picha ndogo zenye jina la faili chini ya kila moja. Ukitaka nambari ya picha iingie yenyewe ndani ya alama bila kulipia kitu, darktable ni ya bure na moduli yake ya alama inaweza kusoma jina la faili na kuliandika. Inachukua jioni moja kuizoea na inakubali kompyuta ya kiasi.

Utaambiwa pia kuna alama zisizoonekana kabisa. Zipo. Zile rahisi, zinazofichwa kwenye biti ya mwisho ya kila pikseli, hufa mara tu picha inapohifadhiwa kama JPEG, kwa hivyo aliyekuuzia programu ya namna hiyo kwa picha za WhatsApp amekuuzia upepo. Zile imara, zinazofumwa kwenye mawimbi ya picha yenyewe, huvumilia kubanwa, lakini huchoka picha inapokatwa sana, ikapindwa, au ikapigwa picha na simu nyingine kutoka kwenye kioo, na zinahitaji programu ya mwenyewe kuzisoma. Mashirika makubwa ya picha zinawafaa. Kwa kazi yako, "nakala ya somo" ina nguvu zaidi, kwa sababu mwenyewe anaiona.

Jambo la haraka kuhusu taarifa za ndani ya faili. Kamera yako ina mahali pa kuandika jina la mpiga picha na hakimiliki. Liandike leo na litaingia kwenye kila picha utakayopiga. WhatsApp inazifuta taarifa hizo inapobana picha, lakini faili kamili unazowakabidhi hoteli zitabaki nazo, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inakataza mtu kuziondoa taarifa za umiliki zilizowekwa kielektroniki. Ukiwa huko huko, ondoa taarifa za mahali kwenye picha zilizopigwa nyumbani kwa watu. Simu hasa huandika hadi mtaa na nyumba.

Basi tuwaendee hoteli. Hapa kuna kitu ambacho nakuomba ukisome mara mbili, kwa sababu wapiga picha wengi wanaamini kinyume chake. Wengi wetu tunadhani aliyebonyeza kamera ndiye mwenye picha. Kwa kazi uliyojipigia mwenyewe, ndivyo. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Maneno yote yako hapo mwishoni. Ikiwa meneja alikupigia simu, ukaja ukapiga vyumba, bwawa na kiamshakinywa, na hamkuandikiana chochote, yale maandishi ya hakimiliki kwenye nembo yako yanadai kitu ambacho huenda sheria imeshakihamisha. Alama haijengi haki ambayo makubaliano hayakuiweka.

Kwa kazi zijazo, mistari michache inatosha, na Kiswahili chake kinakubalika sawa na Kiingereza: "Hakimiliki ya picha zote inabaki kwa mpiga picha. Hoteli inaruhusiwa kuzitumia kwenye tovuti na kurasa zake kwa miaka miwili kuanzia siku salio litakapolipwa. Sampuli ni za kuchagulia tu na haziruhusiwi kutumiwa hadharani." Waweke sahihi kabla ya kazi, pamoja na dipoziti. Wale vijana wanaopiga picha ufukweni pale Pirates wana busara ya biashara kutushinda: picha haitoki mkononi kabla pesa haijaingia, na hawana haja ya alama wala wakili. Sisi wa mtandaoni tunatoa kwanza, ndiyo maana tunahitaji maandishi.

Kwa hii iliyokwisha kutokea, rudi kwenye mazungumzo yenu ya WhatsApp na barua pepe. Tafuta pale uliposema "hizi ni sampuli, mchague" au "picha kamili mtapata mkimaliza malipo," na wakajibu sawa. Hayo yanaweza kuonyesha mlichokubaliana, na ni bora kuliko kumbukumbu. Tazama pia wametumia picha gani hasa. Ikiwa ni zile sampuli ulizowatumia na pembe imekatwa pale nembo ilipokuwa, weka picha yako nzima kando ya yao. Kisichokuwepo kwenye yao kitaonekana wazi.

Kisha tenganisha madai mawili uliyoyachanganya kwenye swali lako. Salio ni deni. Halitegemei nani ana hakimiliki, na ndilo dai lako lenye nguvu. Likiwa halizidi shilingi 1,000,000 unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa ipo, na hulazimiki kuwa na wakili. Matumizi ya sampuli ni dai la pili, na uzito wake unategemea ulichokikuta kwenye mazungumzo. Ukiona kuna makubaliano ya kushika, muulize wakili au Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla ya kutoa vitisho. Tangu marekebisho ya 2019 kuna njia ya kisheria ya kuutaka mtandao uondoe kazi iliyowekwa bila ruhusa, lakini mwenye kuitumia njia hiyo anatakiwa awe ndiye mwenye haki kweli.

Mara nyingi haifiki huko. Tuma ankara yenye tarehe ya kulipa, ukiambatisha ujumbe mfupi wa heshima kwa meneja, si kwa kijana anayeendesha kurasa zao: "Nimeona sampuli zangu kwenye ukurasa wenu. Zimeandaliwa kwa ajili ya kuchagulia na ubora wake ni mdogo. Salio likilipwa nitawatumia faili kamili siku hiyohiyo." Umemfungulia mlango wa kutoka bila aibu, na hoteli haipendi kuonekana na picha ambazo hazijakamilika.

Ila kabla hujatuma chochote, piga picha za skrini za ukurasa wao: anwani ya ukurasa ionekane, tarehe ionekane, kila picha peke yake. Mwombe mtu mwingine naye azipige kwa simu yake. Wakipata ujumbe wako kwanza, zitafutwa zote usiku huohuo, na utabaki kusimulia.